Kuku Akichechemea: Tiba ya Mguu na Kasoro za Banda

Katika miji yetu nyumba nyingi zina banda dogo la kuku uani. Wengine hufuga kwa ajili ya mayai ya watoto, wengine kwa kitoweo cha sikukuu, na wengine kwa ajili ya fedha kidogo inayosaidia pale mshahara unapokwisha kabla ya mwezi. Jambo hili si geni. Katika miaka ya 1980, bei za vitu zilipopanda na mishahara ya wafanyakazi wa Dar es Salaam ikashindwa kuzifuata, familia nyingi zilijenga mabanda nyuma ya nyumba, na mapato ya kuku yakawa nguzo ya nyumba. Tangu wakati huo kuku hajahama mjini.

Mfugaji wa mjini huyajua maradhi makubwa. Akisikia kuwa mdondo umeingia mtaa wa pili, huenda mbio kutafuta chanjo. Lakini yapo maradhi yasiyofyeka banda zima kwa siku moja, na kwa sababu hiyo hudharauliwa. Mojawapo ni jipu la wayo. Kuku huchechemea kidogo, watoto humcheka, mama mwenye nyumba husema atapona mwenyewe, na siku zinapita. Wahenga walisema: Mdharau mwiba, mguu huota tende. Methali hiyo ilisemwa kwa ajili ya binadamu, lakini hapana kiumbe inayemfaa zaidi kuliko kuku wa uani.

Ndugu msomaji, makala hii inaeleza namna ya kulitambua jipu hilo, namna ya kulitibu nyumbani lingali changa, na dalili zinazokutaka umwite mtaalamu. Lakini yafaa isemwe tangu mwanzo kwamba mguu wa kuku haupati jipu wenyewe. Jipu hutoka sakafuni. Anayetibu mguu akaliacha banda kama lilivyokuwa, atakuwa anatibu kuku yuleyule, au mwenzake, mwaka mzima.

HASARA YAKE

Mtetea huchukua takriban miezi mitano hadi sita tangu kuanguliwa mpaka kutaga yai la kwanza, na wengi wa kienyeji huchukua muda mrefu zaidi. Katika muda huo wote anakula, anachanjwa na kulindwa dhidi ya kicheche na mwizi. Akipata jipu la wayo, husimama kwa mguu mmoja, hukawia kufika penye chakula, na wenzake humsukuma. Hula kidogo, hukonda, na mayai hupungua au hukatika kabisa.

Kwa jogoo hasara ni kubwa zaidi ingawa haionekani upesi. Jogoo mwenye maumivu ya miguu hawezi kupanda mitetea sawasawa. Mfugaji hulalisha mayai, hungoja siku 21, kisha hukuta mayai mengi hayana kitu. Humlaumu mtetea aliyeatamia, kumbe kasoro ilikuwa kwenye nyayo za jogoo.

JIPU LINAVYOANZA

Chini ya ngozi ya wayo wa kuku upo mto laini unaobeba uzito wa mwili. Ngozi ikiwa nzima, vijidudu havipati njia. Ikichomwa na kibanzi cha mti, kipande cha chupa au ncha ya waya, au ikilainika kwa kukanyaga unyevu siku nyingi, mlango hufunguka.

Bakteria wanaoingia humo mara nyingi ni wale waitwao stafilokokasi. Daktari wa upasuaji wa Scotland, Alexander Ogston, aliwaona katika usaha wa majipu ya binadamu mwaka 1880, na mwaka 1882 akawapa jina linalotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kishada cha zabibu, kwa kuwa chini ya hadubini huonekana wamejikusanya kama kishada. Bakteria hao huishi katika pua na ngozi za watu wengi wenye afya, na huishi pia juu ya ngozi ya kuku na katika takataka za banda. Haiwezekani kuwafukuza wote. Kinachowezekana ni kuwanyima mlango.

Mwanzoni wayo huwa mwekundu na ngozi huonekana kung'aa au kuchubuka. Baadaye hutokea kigaga kidogo cheusi au cha rangi ya udongo, chenye umbo la mviringo, katikati ya wayo au chini ya kidole. Ukikiacha, wayo huvimba na kupata joto, na nafasi kati ya vidole hutuna. Mwisho maradhi huingia kwenye kano, viungo na mfupa. Kuku aliyefika hapo anaweza kupona lakini akabaki kilema.

Jambo moja humtofautisha kuku na binadamu. Jipu la mtu likiiva hutoa usaha wa majimaji. Chembe za damu za ndege zinazopambana na bakteria hazina nguvu ya kuuyeyusha usaha namna hiyo, kwa hiyo usaha wa kuku hukauka na kuwa donge gumu la manjano, mfano wa jibini. Ndiyo sababu kulikamua jipu la kuku ni kumtesa bure, na ndiyo sababu dawa ya kunywa au ya sindano peke yake aghalabu haimalizi maradhi yaliyokomaa. Dawa husafiri kwa njia ya damu, nalo donge halina mishipa ya damu ndani yake.

USICHANGANYE MARADHI

Si kila kuku achechemeaye ana jipu la wayo. Mshike, umgeuze mguu na kuutazama mchana kweupe.

Ikiwa magamba ya mguu yamenyanyuka na kufunikwa na ukoko mweupe kama chokaa, huo ni ukurutu unaoletwa na wadudu wadogo mno wanaochimba chini ya magamba. Osha mguu kwa maji ya vuguvugu na sabuni, uukaushe, kisha upake mafuta mazito kama vaselini kila baada ya siku chache kwa majuma kadhaa, ili wadudu wakose hewa. Usiyabandue magamba kwa nguvu.

Katika nyumba zetu upo pia uzi. Nyuzi za cherehani na nywele za kusukia zinazofagiliwa hadi uani hujizungusha kwenye vidole vya kuku. Kila akikwaruza ardhi, uzi hukaza. Kidole huvimba, huwa cheusi na mwisho hukatika. Uzi huo ukatwe taratibu kwa mkasi mdogo, na kidonda kioshwe.

Kuku mwenye miguu iliyopooza, mmoja ukielekea mbele na mwingine nyuma, au mwenye shingo iliyopinda, hana ugonjwa wa wayo. Dalili hizo huweza kuwa za Mareksi au za mdondo. Mtenge na wenzake mara moja, umwarifu afisa mifugo.

TIBA YA NYUMBANI

Tiba hii ni kwa jipu changa: wekundu, mchubuko, au kigaga kidogo chenye uvimbe mdogo, huku kuku akiwa bado anakula na kutembea.

Andaa kwanza vifaa vyote: beseni la kazi hiyo tu, maji yaliyochemshwa yakapoa hadi kuwa vuguvugu, sabuni, chumvi, iodini ya vidonda, shashi safi, bendeji na taulo kuukuu. Wawili wafanye kazi hii, mmoja akishika na mwingine akitibu. Anayeosha avae glavu za mpira akizipata, na kwa vyovyote anawe mikono kwa sabuni kabla na baada ya kazi.

Mchukue kuku jioni akiwa ametulia. Mviringishe kwa taulo au kanga kuukuu, mabawa yakiwa yamekunjwa, miguu ikitokeza nje. Usimbane kifua. Kuku hana kiwambo kama chetu cha kuvutia pumzi. Huvuta hewa kwa kutanua kifua na tumbo, na akibanwa sana huweza kufa mikononi mwako.

Osha mguu kwa sabuni mpaka uchafu wote utoke. Kisha tia maji ya vuguvugu katika beseni, na kwa kila nusu lita weka kijiko kimoja cha chai cha chumvi ya mezani. Wengine hutumia chumvi ya haluli inayouzwa madukani mwa dawa, nayo inafaa vilevile. Pima joto la maji kwa kiwiko, kama upimavyo maji ya kumwogesha mtoto. Mloweke kuku miguu kwa dakika 10 hadi 15. Wengi hutulia, na wengine husinzia.

Kuloweka hulainisha kigaga. Kikiachia chenyewe kwa kusuguliwa polepole na shashi, acha kitoke, na donge dogo lililoshikamana nacho litoke pamoja. Kikikataa, kiache. Utaloweka tena kesho, na kesho kutwa. Subira ya siku tatu ni bora kuliko wembe wa dakika tatu.

Kausha mguu vizuri. Changanya iodini na maji safi mpaka mchanganyiko uwe na rangi ya chai isiyokolea, halafu pitisha juu ya kidonda. Weka kipande cha shashi juu ya wayo, kisha zungusha bendeji ukiipitisha kati ya vidole na kuifunga juu kidogo ya kifundo. Bendeji isikaze. Baada ya nusu saa gusa vidole: vikiwa baridi, vimevimba au vimebadilika rangi, legeza upesi.

Kuku atengwe katika kreti au boksi kubwa lenye maranda makavu, apewe maji na chakula karibu, na asiwe na mahali pa kuruka. Badilisha bendeji kila siku, au kila baada ya siku mbili endapo imebaki kavu na safi. Ikilowa, itoe palepale, kwa maana bendeji yenye maji ni mbaya kuliko kutokuwa na bendeji. Jipu changa huanza kunywea katika juma la kwanza, na ngozi huweza kuhitaji majuma mawili au matatu kujifunga. Usimrudishe bandani kabla ya hapo.

Shashi zilizotumika na kigaga vichomwe moto. Beseni lioshwe kwa sabuni na kuanikwa juani, wala lisiingie jikoni. Hili si suala la usafi wa kupendeza macho tu. Stafilokokasi wakiingia katika chakula cha binadamu kilichoachwa bila baridi, huweza kuzalisha sumu inayoleta matapishi na kuhara, na sumu hiyo haiondoki hata chakula kikichemshwa tena. Aliyeshika kidonda cha kuku asikande unga kabla ya kunawa.

DAWA ZISIZOFAA

Zipo nyumba ambamo tiba ya kwanza ni maji ya betri, mafuta ya taa au oili chafu ya gari. Vitu hivyo huunguza nyama iliyo hai na kukifanya kidonda kuwa kikubwa zaidi. Wembe nao si chombo cha mtu asiyejifunza. Wayo una mishipa ya damu na kano zinazokunja vidole. Kano ikikatwa haiungiki kwa bendeji. Isitoshe, kuku husikia maumivu kama kiumbe mwingine yeyote, na kumkata bila ganzi ni ukatili.

Lakini kosa lililoenea kuliko yote ni kumpa kuku vidonge vilivyobaki kabatini. Mtu ana tetrasaiklini aliyobakiza alipougua. Huifungua na kuinyunyizia kidonda, au huichanganya katika maji ya banda zima. Kwanza, tumekwisha kuona kwamba dawa hiyo haiingii ndani ya donge la usaha. Pili, kipimo chake ni cha kubahatisha, na bakteria wasiokufa hujifunza kuishi na dawa. Usugu huo ukijengeka bandani hauishii huko, kwa kuwa bakteria wa kuku na wa mfugaji hukutana kila siku mikononi. Tatu, mabaki ya dawa huingia katika mayai, na mayai hayo ndiyo wapewayo watoto asubuhi.

Kwa sababu hiyo dawa za kuua bakteria zitolewe kwa maelekezo ya mtaalamu wa mifugo, kwa kipimo na kwa siku alizotaja. Muulize pia siku ngapi zipite kabla ya mayai au nyama kuliwa. Muda huo hutofautiana kwa kila dawa, na mara nyingi huandikwa kwenye chupa au pakiti.

WAKATI WA KUMWITA MTAALAMU

Mwite afisa mifugo wa kata yako, ambaye wengi wetu tumezoea kumwita Bwana Mifugo, ukiona mojawapo ya mambo haya: uvimbe umepanda juu ya wayo kuelekea kifundo, donge gumu linasikika ndani ukibonyeza, kuku hakanyagi kabisa, hali chakula au amejikunyata, siku saba za kuloweka hazijaleta nafuu, au kuku zaidi ya mmoja wameanza kuchechemea. Mtaalamu anaweza kumtia ganzi, kulitoa donge kwa upasuaji mdogo na kuchagua dawa inayofaa. Kuku akifa bila sababu kujulikana, uchunguzi wa mzoga huweza kufanywa na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, wenye makao makuu Temeke, Dar es Salaam.

Baadhi ya watu huharakisha kumchinja kuku wa namna hiyo ili asiingie hasara. Kuku aliyekonda, mwenye homa au aliyevimba viungo si chakula, na aliye katikati ya dawa hali kadhalika. Miguu yenye majipu isitiwe katika supu wala isiuzwe kwa mama lishe.

SASA KAGUA BANDA

Baada ya kumfunga kuku bendeji, ingia bandani, uiname, na upitishe kiganja chako pale kuku anapokanyaga. Kinachokuchoma wewe ndicho kinachomchoma yeye.

Tazama sakafu. Saruji tupu ni ngumu na hukwaruza. Iliyobomoka ni mbaya zaidi. Tandaza maranda makavu au pumba za mpunga kwa kina cha sentimita 5 hadi 10. Okota misumari, kokoto zenye ncha, vigae vya chupa na vipande vya waya. Banda lililojengwa kwa mabaki ya ujenzi halikosi vitu hivi.

Tazama unyevu. Hapa ndipo mabanda mengi ya mjini yanaposhindwa, hasa masika yanapoingia. Bati moja linalovuja hutosha kuharibu nyayo za kuku wote. Chombo cha maji kikiwekwa chini hupinduliwa na kumwagika. Kiinue juu ya matofali kifike usawa wa mgongo wa kuku. Matandiko yaliyolowa na kushikamana yatolewe siku hiyohiyo na kutupwa shimoni, yaoze yawe mbolea ya mchicha. Yaliyobaki yageuzwe mara kwa mara yapate hewa. Ukiingia bandani macho yakakuwasha kwa harufu kali, jua kwamba matandiko yamekwisha kazi.

Tazama fito za kulalia. Wengi hutumia nondo, bomba la chuma au ubao wenye kingo kali, kisha huziweka juu ili kuku wasionwe na mwizi. Kila alfajiri kuku mzito huruka kutoka huko na kutua juu ya saruji. Ufito mzuri ni wa mti laini, wenye upana wa sentimita 4 hadi 5, uliochongwa kingo zikawa mviringo na kupigwa msasa. Kwa kuku wazito usizidi nusu mita kutoka chini. Wafugao kuchi, kuroila na jamii nyingine za kuku wakubwa wazingatie hili zaidi, kwani uzito wao wote hushukia kwenye nyayo mbili.

Tazama idadi. Kuku 20 katika banda la kuku 10 ni kinyesi mara mbili na unyevu mara mbili. Kwa kuku wakubwa, mita moja ya mraba isipite kuku watano au sita.

Mwisho, tazama chakula. Kuku alishwaye makombo ya ugali kila siku hunenepa bila kuwa na afya, na unene huo hubebwa na nyayo. Mahindi meupe tunayokula sisi karibu hayana kabisa kile kiini cha vitamini A kinachopatikana katika mahindi ya njano, na vitamini hiyo ndiyo inayoipa ngozi uimara. Mchicha, matembele na papai bivu hujaza pengo hilo kwa gharama ndogo. Fungu la mchicha likining'inizwa bandani huwapa kuku chakula na mazoezi kwa pamoja.

DAKIKA CHACHE KILA JUMA

Nyumba yenye kuku 10 inaweza kuwakagua wote kwa muda wa robo saa. Chagueni siku moja ya juma, jioni kuku wakiwa wametulia juu ya fito. Mmoja ashike taa, mwingine ageuze miguu, na mtoto aandike katika daftari kuku gani ana wekundu na gani ana kigaga. Mtoto azoeaye kazi hii hujifunza kutunza hesabu, na hujifunza pia kwamba mnyama afugwaye ana haki ya kutunzwa.

Katika ukaguzi huo daftari litaonyesha jambo ambalo jicho la kila siku halilioni. Kuku mmoja akiwa na jipu, huenda alikanyaga kibanzi. Wakiwa watatu, kibanzi hakihusiki tena: ni sakafu, ni maji, ni ufito. Hapo weka chini beseni la maji ya chumvi na uchukue nyundo, ukazibe bati linalovuja na kushusha fito. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa mfugaji wa kuku ufa wa kwanza kuziba umo ndani ya banda.